Kisa cha daraja la Sneek: msonobari uliokataa kuvimba

Ukishavuka Afsluitdijk, ule ukuta wa kilomita 32 ambao Waholanzi waliukamilisha mwaka 1932 ili kuifungia bahari nje, unaingia jimbo la Friesland, na baada ya mwendo mfupi barabara kuu ya A7 inakupitisha Sneek. Ni mji wa watu wa mashua. Kila mwaka kuna Sneekweek, mashindano ya matanga, na picha wanayoondoka nayo wageni ni ya Waterpoort, lango la maji la mwaka 1613. Dereva anayepita bila kusimama huondoka na picha nyingine. Juu ya barabara yake kumetanda daraja la mbao, tena si la watembea kwa miguu bali la magari. Kenchi zake zimesimama wazi kwa mvua na jua, hazina paa wala kifuniko. La kwanza lilikamilika mwaka 2008, na pacha wake mwaka 2010.

Kwa yeyote aliyewahi kushika randa, swali ni moja tu: litaoza lini?

Wahandisi waliandika miaka 80. Huo ndio umri uliowekwa katika usanifu. Daraja lina urefu wa mita 32 na upana wa mita 12, kenchi zinapanda kiasi cha mita 16, na limesanifiwa kwa kundi la mizigo ya tani 60, kundi zito kabisa la magari ya barabarani. Mti uliotumika ni msonobari wa radiata uliokuzwa New Zealand, mti laini, unaokua upesi, usio na sifa yoyote ya ukali dhidi ya kuoza. Ulaya hupanga miti kwa uimara kuanzia 1, iliyo bora, hadi 5. Radiata kama ilivyo iko kwenye 4 au 5, yaani ukiichomeka kwenye udongo wenye unyevu usitarajie iifikie miaka kumi. Mbao zilizoingia kwenye daraja zilikuwa zimepanda hadi kiwango cha 1, walipo mtiki na mvule.

Kilichotokea hapo katikati ndicho kisa chenyewe. Nimekichagua kwa sababu kinasahihisha swali ambalo huulizwa kila kona na kila mara hupewa jibu la haraka: “Nipake dawa gani mbao isiingize maji?” Walioshughulikia Sneek waliacha kuuliza jinsi ya kuyazuia maji yasiifikie mbao. Waliuliza mbao itafanya nini yakishaifikia. Maswali hayo mawili yanafanana kwa sauti tu.

Maji yanakaa wapi ndani ya mbao

Mbao ina maji ya aina mbili, na bila kuyatenganisha hakuna kinachoeleweka baadaye. Kuna maji yaliyomo ndani ya matundu ya nyuzi, kama maji ndani ya mrija. Hayo yakiingia mbao inakuwa nzito, lakini haibadiliki umbo. Kisha kuna maji yaliyonasa ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Kuta hizo zimejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini, na zimejaa vikundi vya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, ambavyo huvuta maji kwa nguvu. Kila chembe ya maji inayojipenyeza pale inasukuma ukuta kidogo. Ukuta unanenepa, na ubao unavimba.

Ukuta huo hushiba kwenye unyevu wa takriban asilimia 30, ukipima uzito wa maji dhidi ya uzito wa mbao kavu. Juu ya hapo maji hujaa kwenye matundu tu. Chini ya hapo, kila asilimia inayoongezeka au kupungua inaonekana kwa futikamba. Mlango unaofungika vizuri Januari na kugoma wakati wa masika haukunyeshewa hata tone. Umekunywa unyevu wa hewa. Ndiyo maana fanicha iliyotengenezwa Dodoma ikaletwa Zanzibar huanza kubana droo wiki chache baada ya kushushwa bandarini, na seremala akasingiziwa kazi mbaya.

Kuoza nako kunaanzia hapo hapo. Kuvu wanaokula mbao wanahitaji ukuta wenye maji ili vimeng'enya na kemikali zao ziweze kusafiri ndani yake. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 kwa kawaida haiozi. Mbao ya nje katika hali ya hewa ya Uholanzi, mvua za mara kwa mara na hewa nzito, inacheza jirani kabisa na mpaka huo, na kwenye viungo vinavyoshika maji inauvuka.

Njia zilizokuwa mezani

Waliotangulia walijibu tatizo hili kwa namna tatu, na wahandisi wa Sneek walizijua zote.

Ya kwanza ni kuziba. Pwani yetu ina shule yake katika hili: jahazi hutiwa kalafati ya pamba na mafuta, likapakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hukutangulia ufukweni, na sehemu ya chini ikapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena, maana mafuta huondoka. Na kuna jambo ambalo mafundi wa majahazi wanalijua na wauza vanishi hawalisemi: chombo kinataka mbao zake zivimbe. Jahazi jipya likiteremshwa majini huvuja siku za mwanzo, halafu mbao zikishashiba hubanana na uvujaji hupungua. Kuvimba kwa jahazi ni rafiki. Kwa daraja lenye boriti zilizofungwa kwa bolti na kugundishwa tabaka kwa tabaka, kuvimba ni adui, na huwezi kusimamisha magari ya A7 kila baada ya miezi michache ili upake sifa. Njia ya kuziba ikaishia hapo.

Ya pili ni kutia sumu. Nguzo za umeme za rangi ya kijani-kijani tunazoziona kando ya barabara zetu nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, uliovumbuliwa India mwaka 1933 na Sonti Kamesan. Unafanya kazi vizuri sana, nguzo husimama miongo. Lakini hauizuii mbao kunywa maji. Nguzo inavimba na kupasuka kama mbao nyingine yoyote, ila kuvu na mchwa wakiila wanakufa. Ulaya iliuwekea mipaka mikali mchanganyiko huo mwaka 2004 kwa sababu ya aseniki, na hata pasingekuwa na sheria, bado tatizo la kuvimba kwa boriti kubwa lingebaki pale pale.

Ya tatu ni kutumia mti ambao kwa asili haujali maji. Waholanzi wana uzoefu mrefu hapa: kingo za mifereji na milango ya maji kwa miaka mingi wamezijenga kwa azobé, mti mzito kutoka misitu ya Kameruni na Gaboni. Azobé ungestahimili. Lakini ni mti wa msitu wa asili, unaokua polepole, mgumu kugundisha, na wakati huo mjadala wa Ulaya kuhusu mbao za kitropiki ulikuwa umepamba moto. Kenchi za namna ile, zenye boriti za unene unaozidi mita moja, haziwezi kupatikana kwa gogo moja la mti wowote. Lazima zitengenezwe kwa mbao nyembamba zilizogundishwa.

Ipo pia njia ya nne ya kizamani, kujenga paa. Daraja la Kapellbrücke la Luzern huko Uswisi, la karne ya 14, lina paa kwa sababu hiyo hiyo, maana kulibadilisha paa ni rahisi kuliko kulibadilisha daraja. Ofisi za usanifu za Onix na Achterbosch hazikutaka paa. Zilitaka kenchi zionekane. Hapa naona ubishi wa wasanifu ndio uliowasukuma wahandisi kwenye kemia. Kama wangekubali bati, kisa hiki kisingekuwepo.

Siki

Walichochagua kinaitwa asetilesheni. Badala ya kuufunika ukuta wa nyuzi au kuutia sumu, unaubadilisha wenyewe. Unachukua anihidridi ya asetiki, kimiminika kikali ambacho ni ndugu wa siki, unaiingiza ndani ya mbao na kuipasha moto. Kila inapokutana na kikundi cha haidroksili inang'oa haidrojeni yake na kupachika kikundi cha asetili mahali pake. Kinachobaki ni asidi ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali wake.

Matokeo ni mawili kwa mpigo. Sehemu zilizokuwa zikivuta maji zimepungua. Na vikundi vipya ni vinene, vimejaza nafasi ndani ya ukuta, kwa hiyo mbao imeshavimba tayari na inabaki imevimba moja kwa moja. Maji yakija yanakuta nyumba imejaa. Hakuna aseniki wala shaba, na asetili si kitu kigeni kwenye mbao, maana miti huwa nayo kiasi kidogo kwa asili.

Jambo hili lilijulikana muda mrefu. Majaribio ya kwanza ya kuasetilisha mbao yalichapishwa Ujerumani na Austria mwaka 1928, na lengo halikuwa maji bali kuichunguza kemia ya mbao yenyewe. Miaka ya 1940 maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Marekani, ndiyo iliyoonyesha kwamba mbao iliyoasetilishwa haichezi. Baada ya hapo makampuni ya nchi kadhaa yalijaribu kuifanya biashara na mengi yakaachia njiani. Uholanzi, taasisi ya utafiti wa mbao ya SHR huko Wageningen iliendelea kuikomaza, mpaka kiwanda cha Titan Wood kilipoanza uzalishaji wa kibiashara Arnhem mwaka 2007, mbao zake zikauzwa kwa jina la Accoya.

Angalia tarehe: kiwanda 2007, daraja la tani 60 mwaka 2008. Mbao ambayo wengi walikuwa hawajaitumia hata kwa fremu ya dirisha inapewa malori juu ya barabara kuu. Mimi naliita hilo ujasiri, na ningelielewa pia kama mtu angeliita pupa. Kilichowapa haki ni miaka ya vipimo vya uozo iliyotangulia, na vipimo vya nguvu vilivyofanywa mahsusi kwa boriti za daraja hili, kwa sababu kanuni za ujenzi hazikuwa na safu ya mbao ya namna hiyo.

Kwa nini kibiashara ilichukua takriban miaka 80? Jibu liko kwenye hesabu, na inafaa kuifuata kwa penseli.

Ili mbao ipate ulinzi wa kweli, lazima uzito wake uongezeke kwa takriban asilimia 20 kutokana na asetili. Chukua kilo moja ya mbao kavu. Unataka kupachika gramu 200. Kila kikundi kinachopachikwa huongeza uzito wa vipimo 42, na kila kimoja kinakula chembe moja ya anihidridi yenye uzito wa vipimo 102. Gramu 200 zinahitaji gramu zipatazo 486 za anihidridi, na zinatema gramu 286 za asidi ya asetiki. Yaani kwa kila kilo ya mbao umetumia karibu nusu kilo ya kemikali ghali, na zaidi ya nusu ya kemikali hiyo inageuka siki ambayo lazima uitoe ndani ya mbao, uikusanye, na uiuze au uirudishe kiwandani. Asiye na mtambo wa kuirudisha anafilisika kwa siki.

Kuna baya zaidi. Anihidridi hupenda maji kuliko inavyopenda mbao. Gramu 18 za maji zinaua gramu 102 za anihidridi. Kilo hiyo hiyo ya mbao ikiingia na unyevu wa asilimia 10, ina gramu 100 za maji, ambazo peke yake zinaweza kula gramu 567, zaidi ya kiasi chote kilichokusudiwa kwa kazi yenyewe. Ndiyo maana mbao hukaushwa tanurini hadi chini sana, asilimia chache tu, kabla haijaingizwa kwenye pipa la chuma, ikavutwa hewa, ikasukumiwa kimiminika kwa shinikizo na kupashwa moto. Fundi anayesema mbao yake ni kavu kwa sababu imekaa juani mwezi mzima hajafika hata nusu ya safari hiyo.

Na ndiyo maana walichagua radiata. Mtu angedhani kwa daraja zito wangechukua mti mgumu. Lakini dawa isiyofika katikati ni rangi tu iliyotumia gharama kubwa. Sehemu nyeupe ya nje ya gogo la radiata hupitisha kimiminika hadi ndani kabisa. Mti wa sprusi (spruce) wa Ulaya unaotumika kwa boriti za kawaida hujifunga ukikauka na kugoma. Mti mgumu wa kitropiki nao umejaa mafuta na utomvu wake. Udhaifu wa radiata, uwazi wake kwa kila kitu kinachoingia, ndio uliougeuza kuwa malighafi bora.

Boriti ya karibu mita moja na nusu

Faida yake kwa daraja inaonekana vizuri ukipiga hesabu ya kukadiria. Msonobari wa kawaida hutanuka, kwa upande unaotanuka zaidi, kama robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu. Unyevu ukipanda kutoka 12 hadi 20, ubao umetanuka asilimia 2. Kwenye ubao wa milimita 100 hiyo ni milimita 2, unairekebisha kwa randa. Kwenye boriti yenye kimo cha milimita 1,400 ni milimita 28. Bolti hazitanuki. Mstari wa gundi nao hautanuki sawasawa na mbao, na upande wa boriti unaopigwa na jua hausogei sawa na ule ulio kivulini. Ndipo nyufa zinapofunguka, maji yanaingia kwenye ufa, na ufa haukauki. Boriti kubwa za mbao huanza kufa kwa mtindo huo, kuvu wakija mwishoni kama wapangaji wa nyumba iliyokwisha vunjwa mlango.

Asetilesheni hupunguza kutanuka huko kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 80. Milimita 28 zinakuwa 7 hivi. Na mbao yenyewe haipandi hadi unyevu ule: katika hewa ambayo msonobari wa kawaida hutulia kwenye asilimia 12, huu hutulia kwenye 3 hadi 5. Nguvu ya mbao haikuongezeka kwa kemikali, lakini mbao kavu ni imara kuliko mbichi, na hapa wahandisi walikuwa na mbao ambayo hata kwenye mvua inabaki na tabia ya mbao kavu.

Kazi ya kugundisha ilifanywa Ujerumani na kampuni ya Schaffitzel. Na hapa ndipo dawa ilipoanza kuleta shida zake. Gundi nyingi za mbao zinashika kwa kutegemea maji na haidroksili zile zile ambazo asetilesheni imeziondoa. Mbao isiyopenda maji haipendi pia gundi yenye maji. Gundi nyeupe ya kawaida ya karakana hushika vibaya, wakati zile za jamii ya fenoli na resosinoli hustahimili vizuri zaidi. Kwa boriti inayobeba lori, tofauti hiyo si ya kukisia, na muda mwingi wa vipimo ulikwenda huko.

Chuma nacho. Hata baada ya kusafishwa, mbao hii hubaki na mabaki ya asidi; ukiinusa ikiwa mpya inanukia achali. Msumari wa kawaida ndani yake huliwa upesi, na hata uliopakwa zinki haudumu. Ushauri wa watengenezaji ni chuma cha pua tu. Nimeona watu wakiisoma taarifa ya “miaka 50” kwenye tangazo, wakanunua mbao ghali na kuipiga misumari ya bei rahisi. Mbao itabaki, ila itabaki imeanguka chini.

Ambacho dawa haikufanya

Neno “kuzuia maji” linapotosha. Ukiloweka kipande cha mbao hii kwenye ndoo, baada ya muda kitakuwa kizito. Matundu ya nyuzi bado yapo wazi na maji yanaingia humo kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba kuta hazinywi, kwa hiyo kipande ni kizito lakini hakijavimba, na kuvu hawapati njia. Wanasayansi bado wanabishana ni kipi hasa kinachowazuia kuvu, ukosefu wa maji ukutani au kufungwa kwa njia za kemikali zao, lakini kwamba wanazuiwa hakuna anayebisha.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye kazi nyingine ya Uholanzi. Karibu na Halsteren, kusini mwa nchi, kuna ngome ya zamani ya Fort de Roovere yenye handaki la maji. Mwaka 2011 ofisi ya RO&AD ilijenga pale daraja lililozama: unatembea ndani ya mfereji wa mbao, maji yakiwa usawa wa kiwiko chako kulia na kushoto, ndipo watu wakaliita daraja la Musa. Mbao ni Accoya hiyo hiyo. Lakini kinachoyazuia maji yasimwagikie kwenye viatu vya wageni si mbao, ni karatasi ya mpira wa EPDM iliyotandazwa nyuma yake. Wasanifu wale hawakudanganywa na neno. Mbao walipewa kazi ya kutooza na kutopinda, mpira ukapewa kazi ya kuzuia maji.

Jua pia halikuguswa. Mionzi yake huvunja lignini juu ya uso wa mbao, mvua huisafisha, na mbao isiyopakwa hugeuka kijivu kama mbao nyingine. Ukungu mweusi wa juu juu nao huota, kwa kuwa unakula vumbi na sukari za usoni wala hauingii ndani. Mwenye nyumba anayeliona doa hilo hudhani ameuziwa mbao mbovu. Ajabu ni kwamba rangi hukaa muda mrefu zaidi juu ya mbao hii: rangi hupasuka kwa sababu mbao iliyo chini yake inatanuka na kusinyaa, na hii haichezi.

Mtu ataniuliza kama tunaweza kuifanya huku kwetu. Misonobari tunayo, Sao Hill peke yake huko Mufindi ni shamba kubwa, na siki si kitu kigeni. Ila anihidridi ya asetiki iko kwenye orodha ya kemikali zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa sababu hutumika kutengenezea heroini. Kuiagiza kunataka vibali na kumbukumbu za kila lita, na hilo lina sababu nzuri. Ongeza kwamba huchoma ngozi na macho, kwamba mvuke wake unawaka, na kwamba bila mtambo wa kurudisha asidi hesabu hailipi. Hii si kazi ya uani. Atakayeianzisha atahitaji kiwanda cha kemikali kilichojificha ndani ya kiwanda cha mbao, au aanze na njia za jirani zisizotaka kemikali hiyo, kama kuoka mbao kwa joto kali bila hewa, ambayo nayo hupunguza kiu ya mbao ingawa huinyang'anya nguvu kidogo.

Sneek kwenyewe, sehemu ya kuangaliwa si katikati ya kenchi, ambako kila mpita njia hutazama. Ni chini, boriti zinapokutana na msingi, ambako uso uliokatwa wa nyuzi hunyonya maji kwa kasi kubwa kuliko ubavu, uchafu hujikusanya, na bolti zimesongamana. Kama kuna mahali ambapo gundi, chuma na siki zitagombana, ni hapo. Miaka 80 kutoka 2008 inaishia 2088. Robo yake ya kwanza inatimia 2028.